Mikono Minne Kutoka Ubaruku

Mwaka 1976, mahindi yakiwa yameshavunwa, mwalimu Kalista alikuja kwenye banda langu la viatu hapa Iyunga. Alikuwa amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika mkononi. Ndiye aliyenifundisha kusoma kwenye kisomo cha watu wazima pale Ilomba, nami nikiwa na miaka arobaini na minane, kwa hiyo nilimwita mwalimu ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Sote wawili kwetu ni Iringa, na hilo lilitusogeza karibu kidogo.

Nilikipokea kiatu nikaanza kukitazama. Yeye akakaa kwenye kigoda.

"Baba Bartholomeo," akasema, "unaweza kupokea kitu usichojua kimetoka kwa nani, ukakipeleka mbele, usiulize?"

"Kitu gani? Bangi?"

"Eh, baba! Barua."

Niliendelea kushona. Mimi sijibu haraka. Nilitaka kwanza nielewe barua ina shida gani mpaka ihitaji mtu wa namna hiyo.

Akanieleza. Wakati ule mtu wa kijijini hakuwa na sanduku lake la posta. Barua yake ilipitia sanduku la shule, au la kanisa, au la mwenye duka. Ilipomfikia, mara nyingi ilikuwa imeshafunguliwa. Haikuwa kwa ubaya. Aliyeifungua alijua mwenye barua hajui kusoma, akaona amsaidie. Wengine waliisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakingoja za kwao. Mama mmoja wa darasa letu alipewa pole ya kuachwa na mumewe, dukani, akinunua chumvi, kabla hata hajaiona karatasi yenyewe. Sasa watu walikuwa wamejifunza kusoma, na kitu cha kwanza walichotaka ni kusoma wakiwa peke yao.

"Kwa hiyo tumeanza njia yetu," Kalista akasema. "Tunaiita Mikono. Kila mtu ni mkono mmoja. Anamjua aliye nyuma yake na aliye mbele yake, basi. Wewe nyuma yako ningekuwa mimi. Mbele yako angekuwa mtu mmoja Iringa, anaitwa Liberatus, mlinzi wa kanisa."

"Na mbele ya Liberatus?"

"Umeshauliza."

Nilicheka. Nikamrudishia kiatu chake nikamwambia nimekubali.

Mwanzoni kazi ilikuwa rahisi mno, na urahisi wenyewe ndio ulionisumbua. Bahasha ilikuja imefichwa ndani ya kiatu. Nilikifunga kiatu hicho pamoja na viatu vingine vilivyotengenezwa, nikampa Saulo, kondakta wa basi la Iringa, ambaye mpaka leo anaamini alikuwa anabeba viatu tu. Lakini juu ya bahasha kulikuwa na jina la anayepelekewa na mahali alipo. Kwa hiyo mikono yote ilijua barua inakwenda kwa nani. Mkono mmoja ukiwa na mdomo, kazi yote imekwisha.

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Siku moja nilikuwa nachana mfuko wa saruji ili nipate karatasi ya kukatia vipimo vya soli. Mifuko ilikuwa mingi, masalia ya ujenzi wa reli. Mfuko wa saruji si karatasi moja. Ni karatasi tatu au nne, moja ndani ya nyingine. Unatoa ya juu iliyochafuka, unakuta ya pili safi. Niliacha kisu nikaitazama ile karatasi muda mrefu, mpaka mke wangu Matilda akaniuliza kama naumwa.

Ndivyo tulivyofanya. Barua ilitiwa kwenye bahasha yenye jina la mwenyewe. Bahasha hiyo ikafunikwa na nyingine isiyo na jina, yenye alama ya mkono wa mwisho tu. Hiyo nayo ikafunikwa na nyingine yenye alama ya mkono uliotangulia, hivyo hivyo mpaka ya juu kabisa. Alama tulizichora kama zile wakulima wa mpunga wanazochora kwenye magunia yao ili yasipotee mashineni. Yangu ilikuwa sindano. Ya Liberatus kengele. Mwandishi alipewa alama kwa mpangilio wake, lakini hakuwajua wenye alama. Mimi nilipopokea, nilibandua karatasi yenye sindano, nikaitia motoni, nikakuta kengele, nikatuma kwa kengele. Kengele aliituma kwa nani, sikujua. Bahasha tulitengeneza wenyewe kwa karatasi ya saruji na gundi ya uji wa ngano.

Tena tuliipotosha njia kusudi. Barua ya mtu wa Mbeya kwenda kwa mtu wa Usangu, ambako ni karibu, ilikwenda kwanza Iringa ndipo ikarudi. Aliyeipokea alijua tu kwamba imetoka mbali. Kufikia mwaka uliofuata tulikuwa na mikono, kwa hesabu ya Kalista, zaidi ya ishirini. Mimi niliijua miwili.

Tulipokosea ni kwenye salamu. Nalieleza kosa hili bila kujificha, kwa sababu lilikuwa langu kama lilivyokuwa la wenzangu.

Kumpelekea mtu kitu bila kumsalimu ni vigumu. Ni kama kuingia kwa watu bila hodi. Kwa hiyo Liberatus alipokuwa ananirudishia bahasha za upande wangu, aliandika juu yake, "Salamu, huku hatujambo." Nami nikaandika zangu. Kisha ukisalimiwa na mtu akakwambia "nisalimieni huko mbele," utazitupa motoni salamu zake? Haiwezekani. Kwa hiyo nilizinakili kwenye karatasi iliyofuata, nikaongeza zangu chini. Liberatus akanakili zote, akaongeza zake. Sote tulikuwa tumejua kuandika juzi tu, na mtu aliyejua kuandika juzi haachi nafasi tupu. Hakuna aliyefikiri kwamba, barua ikifika mwisho, ile karatasi ya mwisho ina habari za njia nzima.

Mwezi wa saba mwaka 1977, siku ya Jumanne, kulikuwa na baridi ile ya Mbeya inayofanya vidole visishike sindano. Mwanamke mmoja akaja akasimama mlangoni pa banda. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka mbili nyepesi za watu wa bondeni, anatetemeka.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama. Kiatu kiko wapi?"

"Sina kiatu." Alitoa karatasi ya saruji iliyokunjwa, akaifungua juu ya meza yangu, kati ya misumari. "Hapa ni wewe?"

Mwandiko haukuwa wangu, lakini maneno yalikuwa yangu. Mstari wa kwanza ulisema tu: Salamu. Wa pili: Bartholomeo fundi viatu, Iyunga, ng'ambo ya stesheni ya reli, huku baridi kali, nisalimieni huko mbele. Wa tatu: Liberatus mlinzi wa kanisa, Iringa mjini, nami nawasalimu. Wa nne: Masunga wa mashine ya mpunga, Ubaruku, salamu zimefika zote pamoja na zangu.

"Ni mimi," nikasema. Nisingeweza kusema vingine.

"Umesema wasalimiwe wa huko mbele," akasema. "Wa mbele ndiye mimi. Nimekuja kuitikia."

Nikamvutia kigoda. Jina lake Kashindye, Msukuma wa Ubaruku. Watu wake walihamia Usangu na ng'ombe miaka michache iliyopita, wakitokea kaskazini. Mumewe, Nkuba, aliondoka nyumbani miaka miwili nyuma akisema anakwenda kutafuta malisho. Hakurudi. Baada ya mwaka zikaanza kuja barua kupitia mashineni, kila baada ya miezi miwili hivi. Zilisema yuko hai, zikamsalimu mtoto wao Minza, zikamwambia asimtafute. Hazikusema yuko wapi wala kwa nini.

"Nilianzia Iringa," akasema. "Yule mzee wa kanisani alinipa uji, akanipa pa kulala kwa binti yake, jina la nyuma yake akakataa kunipa. Nikamwambia, baba, jina ninalo, ni hili hapa, nionyeshe basi la Mbeya tu. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akawa kama anataka kulia."

"Mimi sijui mumeo aliko," nikamwambia. Ilikuwa kweli.

"Najua. Lakini huyu asiyeandika jina, aliyesema salamu tu, huyo unamjua."

Nilichukua sindano nikaendelea kushona.

"Fundi, sikiliza. Shemeji zangu wanarudi kwetu kaskazini na ng'ombe wote. Wanaondoka Jumatatu. Wanasema mimi na mtoto twende nao. Nikienda, hizi barua zitanipata wapi? Nikibaki, nabaki kumngoja mtu anayenitaka, au nabaki kumngoja mtu aliyenikimbia? Nataka neno moja tu kutoka kwake. Moja. Nikilipata, lolote lile, naondoka hapa."

"Njia hii haina ruhusa ya—"

"Basi nitakaa. Hiki kigoda kina mwenyewe?"

Akakaa. Wateja walikuja, wakamsalimu, wakadhani ni ndugu wa mke wangu. Alasiri alikuwa ameshapanga misumari yangu kwa ukubwa wake, jambo ambalo nilikuwa nimelipanga kulifanya tangu Pasaka.

Nilipokwenda naye nyumbani jioni, Matilda alisimama kwenye kizingiti akatutazama.

"Baba Ambrosi," akaniita kwa jina la mwanetu, "umri huu ndio unaniletea mke mwenza?"

"Ni mgeni wa barua."

"Barua zinavaa shuka siku hizi?" Kisha akaona jinsi mwenzake anavyotetemeka. Alimshika mkono akamwingiza jikoni, akamvalisha sweta langu jipya, lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya Krismasi. Nilipoingia, walikuwa wanapepeta mchele wakizungumza kana kwamba wamezaliwa nyumba moja. Sikuambiwa walizungumza nini.

Kesho yake asubuhi nilimwacha Kashindye bandani nikaenda Ilomba kwa miguu. Kalista alikuwa anafuta ubao. Nilimweleza yote, nikamwonyesha karatasi. Aliisoma mara mbili. Yeye ni mpole, mweupe wa rangi, hajui kupaza sauti, lakini masikio yake huwa mekundu akikasirika.

"Nani aliwafundisha kuandika anwani kwenye salamu?"

"Wewe, mwalimu."

"Mimi?"

"Ulisema mwandishi aanze na anwani yake, upande wa kulia, juu. Ulitupa sifuri wote tuliosahau. Masunga nasikia alifundishwa na mtu uliyemfundisha."

Alikaa kwenye dawati la mbele, chaki mkononi.

"Mpe jina langu, basi," akasema. "Si ndicho ulichokuja kusema?"

"Hapana. Nimekuja kusema sitalitoa. Nilitaka tu ujue kwamba ni vigumu."

Alinitazama, na masikio yakaanza kurudi rangi yake. "Mtu huyo aliniambia, mwalimu, siku mke wangu atakapojua niliko, nami nitahama hapa. Nilimwahidi. Wapo wengine kumi na wanne niliowaahidi hivyo hivyo, baba. Tukimfunua mmoja, hao wengine watalala vipi?"

"Hawatalala."

"Sasa?"

Nilikuwa nimefikiri njia nzima kutoka Iyunga. "Njia inakwenda mbele. Inaweza pia kurudi nyuma. Yule mama ana haki ya kuandika kama mtu mwingine yeyote. Ataandika, nitakupa, utampa. Tusimwambie yeye mahali. Tumwambie yule mwanamume kwamba mkewe yupo kwangu. Hapo atachagua mwenyewe. Akitaka kuhama, ahame akijua."

"Na kama atanyamaza?"

"Atakuwa amechagua."

Kalista alifuta ubao ambao ulikuwa umeshafutika. "Ilete leo," akasema.

Nilirudi nikamwambia Kashindye. Hakunishukuru. Aliomba karatasi na kalamu. Nilimpa ubao mdogo ninaokatia ngozi auweke magotini, nikageuka kutazama barabara ili asijione anachunguliwa. Aliandika kwa muda wa viatu vitatu. Nilisikia kalamu ikisimama, ikianza tena. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza kama mtu anayefagia uwanja.

"Fundi, sikiliza kama imekaa sawa."

"Sisi hatusomi barua za watu."

"Hutasoma. Nitasoma mimi. Mwenye barua si mimi? Nimekuruhusu. Nimejua kuandika mwaka jana tu, nisije nikampelekea makosa."

Akasoma polepole, akiweka kidole chini ya kila neno.

"Nkuba. Ni mimi Kashindye. Usiogope, hakuna aliyenionyesha uliko, mpaka sasa sijui. Lile doa nililiona mimi kabla yako. Lilianzia chini ya bega la kushoto, mahali macho yako hayafiki. Ulikuwa unafunga ndama, nikakuchoma na mwiba wa mgunga, hukugeuka. Nikachoma tena. Hukugeuka. Siku hiyo nilijua ni ukoma. Nilikaa na wewe mwaka mzima nikijua, nikala na wewe, nikalala na wewe, nikakungoja uniambie. Ulipoaga ukasema malisho, nilijua siyo malisho. Nilinyamaza nikidhani utaona aibu. Nilikosea kunyamaza. Minza ameota meno mapya ya mbele. Kaka zako wanahama Jumatatu na mimi wananitaka. Nipo Iyunga kwa fundi wa viatu mpaka Ijumaa, basi la saa nane mchana. Ukitaka niende nao, usiseme kitu, nitaelewa. Ukitaka nibaki, sema."

Aliinua uso. "Imekaa sawa?"

Nilikuwa na soli mkononi na sikukumbuka ni ya kiatu gani. "Imekaa sawa," nikasema.

"Hakuna kosa?"

"Hakuna kosa."

Ilikuwa na makosa mawili ya herufi. Niliyaacha kama yalivyo.

Aliifunga mwenyewe. Sikuweka alama yoyote juu yake, na salamu sikuandika. Mchana ule ule nilimkabidhi Kalista mkononi.

Alhamisi ilipita. Kashindye alishona mkoba wa mteja mmoja vizuri kuliko ningeushona mimi. Alimtazama kila mtu aliyevuka reli, kisha akarudi kwenye kazi. Mimi nami nilitazama. Tulikuwa tunatazama kwa zamu bila kupatana.

"Anatembeaje?" nikamwuliza.

"Haraka. Kama mtu aliyeacha zizi wazi." Akafikiri. "Alikuwa anatembea haraka."

Ijumaa asubuhi ukungu ulishuka mpaka barabarani. Matilda alifunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa kwa ajili ya safari, akavileta mwenyewe bandani, akakaa. Hakuwa na kawaida ya kukaa bandani. Saa sita. Saa saba. Basi la Saulo lilikuja likasimama upande wa pili wa barabara, na Saulo akashuka akaanza kupakia magunia juu.

"Fundi! Leo hakuna viatu?"

"Leo kuna abiria."

"Aje basi, nimemwekea nafasi mbele, asikae na kuku."

Kashindye alisimama. Alivua sweta langu, akalikunja mara nne, akampa Matilda. Matilda akalikunjua akamvalisha tena. "Utalirudisha siku nyingine," akamwambia, kwa ukali, kama mtu anayegombana.

Kashindye alikuwa ameshavuka nusu ya barabara nilipomwona Kalista. Alikuwa anakuja kutoka upande wa stesheni, anatembea taratibu mno, taratibu kuliko kawaida yake. Nyuma yake, umbali wa nyumba mbili, kulikuwa na mwanamume mrefu mwenye koti kubwa. Alivaa viatu vikubwa kuliko miguu yake na alikuwa anaweka kila mguu chini kwa uangalifu, akiutazama, kama mtu asiyeamini kwamba mguu utamwambia ukikanyaga jiwe.

Kalista alipofika bandani alisimama. Mwanamume yule hakufika. Alisimama kule kule alikofikia, mbali, kama watu wa hali yake walivyozoeshwa kusimama. Akavua kofia.

Kashindye alibaki katikati ya barabara. Saulo akapiga honi. Lori lililotoka upande wa Tunduma nalo likapiga honi. Matilda akaniminya mkono mpaka ukauma.

Kisha Kashindye akaenda. Hakukimbia. Alipomfikia hakumkumbatia wala hakumpa mkono. Alimshika mabega akamgeuza, pale pale barabarani, watu wakiona, akainua koti na shati akatazama mgongo wake. Alitazama muda mrefu. Aliweka kiganja chake pale chini ya bega la kushoto akakiacha hapo. Akasema neno kwa Kisukuma. Mwanamume akajibu bila kugeuka, na nikaona mabega yake yakianza kutetemeka, na sidhani ilikuwa baridi.

"Saulo," nikaita, "nenda zako!"

"Na abiria?"

"Nenda!"

Niliwapa banda langu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa wao kukaa bila kutazamwa. Niliwawekea vigoda viwili ndani, nikashusha gunia la mlangoni. Matilda akaenda kupika. Mimi na Kalista tukakaa kwenye ukingo wa mtaro, ng'ambo ya barabara.

"Yeye ni mwanafunzi wangu," Kalista akasema baada ya muda. "Kituo cha tiba kiko juu, upande wa milimani. Mimi huenda Jumamosi kuwafundisha kusoma. Anakunywa vidonge, anaendelea vizuri. Mganga alimwambia tangu mwaka jana kwamba hawezi kuambukiza mtu. Hakutaka kuamini. Nilipompa ile barua aliisoma, akakaa nayo Alhamisi nzima. Leo alfajiri aliniuliza jambo moja tu. Akasema, mwalimu, huko Iyunga ni mbali kwa miguu?"

"Hukumwambia apande gari?"

"Alisema anataka muda wa kufikiri la kusema. Tumetembea tangu alfajiri, baba. Hakufikiri chochote. Alikuwa ananisimulia habari za ng'ombe."

Tulicheka wote wawili, kidogo.

"Kuanzia leo," akasema, "salamu ziandikwe bila jina na bila mahali."

"Watakataa. Wataona tumewakosesha adabu."

"Waandike basi habari za mvua."

"Mvua ni sawa," nikasema. "Mvua inanyesha kila mahali."

Mteja mmoja, Filemoni, muuza nyanya, alikuja na ndala yake iliyokatika akaelekea mlangoni kwangu. Nikamwita arudi.

"Banda limefungwa."

"Si nakuona hapa, fundi?"

"Unaniona. Lakini fundi leo hayupo."

Filemoni alinitazama, akamtazama mwalimu, akalitazama gunia lililoshushwa mlangoni, ambako sauti ya mwanamume ilikuwa inasema kitu kirefu, ikisimama, ikiendelea. "Amekwenda wapi?"

"Atarudi kesho."

"Haya. Mwambie ndala yangu imekatika." Akaondoka akitikisa kichwa.

Jua lilipoanza kutoboa ukungu, gunia likainuliwa. Kashindye alitoka peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na sweta langu lilikuwa na unyevu begani. Alivuka barabara akaja mpaka mtaroni, akasimama mbele yetu.

"Mwalimu," akamwambia Kalista, "wewe ndiwe uliyeandika salamu tu?"

"Ni mimi."

"Salama," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, wanasema atakunywa dawa mwaka mmoja na nusu bado. Kesho naenda Ubaruku kumchukua Minza. Shemeji wakichukia, wachukie na ng'ombe wao. Huku kwenu chumba cha kupanga kinapatikana? Kisiwe na ngazi."